Askari Wamepungua

Kyebando, Kampala
4 Machi 2025

Mwanangu Annick, Mama Gradi,

Nakusalimu kwa mikono miwili kama tunavyosalimiana nyumbani. Barua yako Olal aliileta Jumapili. Ilinuka vitunguu, maana aliisafirisha ndani ya gunia badala ya mfukoni, lakini ilisomeka. Huyo dereva wenu ni mtu mwema, ila ukimpa yai akufikishie atakufikishia kifaranga. Namshukuru hata hivyo. Huko porini kwenu simu haishiki, na bila gari lake la vyakula vya kambi ningekuwa naongea na picha yako ukutani.

Mimi sijambo. Magoti yananilalamikia ninapotwanga majani ya muhogo, sombe ya kuuza, lakini Wakongomani wa Kyebando hawaachi kula kwa sababu ya magoti yangu. Na wewe je? Unakula unachowapikia hao wajenga barabara, au unapakua tu na kubaki na harufu? Nijibu kweli. Mara ya mwisho ulikuja hapa ukiwa shingo tupu.

Mtoto wako, huyu anayeniita Koko, ameniotea pembe. Juzi aliokota mawe barabarani akayapanga mlangoni, akamuuzia jirani yetu Kavugho kuwa ni viazi. Kavugho akanunua. Jana Gradi akaenda kumwambia kwamba viazi vyake vimepanda bei, arudishe au aongeze. Sijui biashara hii ameirithi kwa nani, maana baba yake alikwenda kuchimba dhahabu na hata salamu hajachimba mpaka leo.

Ana kajipu pajani, ukubwa wa punje ya hindi. Nakakanda kwa maji ya moto na chumvi. Usianze kuhangaika. Wewe mwenyewe utotoni ulikuwa shamba la majipu, na leo unapikia watu sitini. Anasema nikuandikie kwamba anataka gari kama la Olal, siyo la kuchezea.

Mama yako,
Koko wa Gradi


Kambi ya barabara, Sudan Kusini
8 Machi 2025

Mama yangu,

Jambo sana, na jambo kwa hayo magoti. Nimesoma barua yako mara mbili nikiwa nachochea ugali, ukashika sufuria, na wanaume wakala ukoko bila kusema neno. Nakula, mama. Bosi wetu Otim ananitania kwamba mpishi akikonda kambi inapata sifa mbaya.

Mwambie Gradi gari la kweli litakuja akishajua kufunga kamba za viatu. Na mwambie Kavugho asimlipe tena, atanizalia mwizi.

Lakini hilo jipu, mama, usilikande tu. Likivimba au akichemka mwili, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Nakujua. Utasema ni dogo, utasema nisihangaike, kisha nitasikia kwa watu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimesema kama mzee, nisamehe, lakini nimesema.

Joto la huku linakausha hata mate. Barabara imefika mtoni, na watu wanasema daraja litatuweka hapa mpaka mwisho wa mwaka. Otim anataka kujua nani atabaki. Nikibaki, Gradi ataanza shule mwakani bila sisi kuomba mtu. Nimemwambia anipe muda nifikiri.

Mwanao,
Mama Gradi


Hospitalini, Kampala
12 Machi 2025

Mwanangu Annick,

Salamu kwanza, maana hata nyumba ikiungua watu husalimiana. Kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Gradi ni mgonjwa sana. Jipu lilijipasua lenyewe siku ya Jumamosi, nikafurahi, nikalifunga kitambaa safi. Jumapili akachemka. Nilimpeleka kliniki ya pale chini, wakampa dawa ya maji. Jumatatu asubuhi nilimwita hakuitika vizuri, alinitazama kama anayenikumbuka kwa mbali, anahema mbio mbio. Kavugho alimbeba mgongoni mpaka kwenye pikipiki. Huku walimpokea haraka, sitawasema vibaya. Sasa yuko kwenye chumba cha watoto mahututi, ana mipira mkononi na puani. Naruhusiwa kukaa naye ila usiku natoka nalala ukumbini.

Daktari wake ni mwanamke, anaitwa Nafuna, mtu wa upande wa Mbale. Kiswahili alikipata kambi ya polisi alikokulia, kwa hiyo tunaelewana bila mkalimani. Aliniambia ugonjwa unaitwa sepsisi. Wadudu wa jipu wameingia kwenye damu wakatembea mwili mzima, na mwili umeshtuka unapigana na kila kitu. Nikamuuliza anajuaje. Akasema wamepima damu.

"Mama, ndani ya damu iko askari, ile nyeupe. Ya huyu mutoto imekuwa mingi sana. Na mingi yake ni ile bado changa, haijamaliza kukomaa, mwili umeitoa mbio mbio juu ya hii vita."

Nikamuuliza: "Askari wa nani?"

Akacheka kidogo, akasema ni wake mwenyewe, wa kumlinda. Hata wale askari wa kwetu Kongo walisema wamekuja kutulinda. Na wale wachanga ndio walikuwa wabaya kuliko wote, wewe unakumbuka, watoto wenye bunduki ndefu kuwashinda, hawajui kuosha hata sahani, wanachinja mbuzi aliye na mimba. Daktari ni msomi na simbishii. Lakini tangu aniambie kwamba ndani ya mtoto wangu kumejaa askari, sijapata usingizi. Namtazama anavyotupa mikono na kuunguruma, nasema moyoni, hawa wamemvamia.

Wanampa dawa kali kwenye mshipa. Kila siku wanatoa damu na kuhesabu. Mimi naomba kitu kimoja tu, hao askari watoke.

Sijui nikuite au nisikuite. Ngoja barua ijayo. Watu wa kanisa wanasali kwa zamu.

Mama yako,
Koko wa Gradi


Kambini
15 Machi 2025

Mama,

Jambo. Sina salamu ndefu, utanisamehe.

Nguo nimeshafunga. Nilimwendea Otim nikamwambia mtoto wangu yuko mahututi. Hakuwa mkali. Alisema atanisainia karatasi ya kutoka, ila wanaume sitini lazima wale, na mpishi atakayekuja hatamfukuza nikirudi. Alinitazama kwa huruma aliponiambia hivyo. Nimemwelewa. Kazi ikienda, iende, nitatwanga sombe na wewe.

Ila sitaki kuja nimeitupa kazi, nikamkuta Gradi anauza mawe mlangoni, halafu tukaanza kulia njaa wote watatu. Na sitaki kukaa hapa kwa sababu ya kazi, halafu nikajuta mpaka kaburini. Mimi siko hapo, mama. Wewe ndiye mwenye macho. Olal anaondoka kesho na barua hii, na akigeuza kurudi atakuja na neno lako. Niandikie moja tu, njoo au usije. Ukisema njoo, napanda gari hilo hilo siku linapoondoka. Ukisema usije, nitakaa, na nitakuamini.

Lakini niambie ukweli, siyo ule wa kunituliza. Ngojangoja huumiza matumbo, na langu limeshaumia.

Mwambie mama yake anamwona. Hata kama hasikii, mwambie.

Mwanao,
Mama Gradi


Kyebando
17 Machi 2025

Mwanangu, Mama Gradi, mama wa baraka,

Salamu za leo zina miguu, zinataka kucheza. Pokea kwa mikono yote.

Nakuandikia nikiwa nyumbani, mara ya kwanza tangu tulipokwenda hospitali. Wauguzi walinifukuza nije nioge, wakasema nanuka wodi. Barua yako ilinikuta ukumbini. Kavugho aliniletea, nikaisoma nikalia, kisha nikaenda kumtazama mtoto nikijua kwamba neno lako linasubiri jicho langu. Sasa sikia jicho langu lilichoona.

Kwanza, joto limekwisha. Limekwisha kabisa, Annick. Nilimshika miguu nikaikuta ya baridi, kama ya mtoto aliyetoka kuoga. Pili, ametulia. Hatupi tena mikono wala haungurumi, amelala tu. Tatu, na hili ndilo kubwa, muuguzi alikuja na karatasi ya damu. Daktari Nafuna hakuwepo asubuhi hiyo, aliitwa kwingine. Nikamwomba muuguzi anisomee, na yeye anajua Kiswahili cha kuunga unga.

Akasema, "Ile askari nyeupe imeshuka, mama. Imeshuka sana."

Nikamuuliza mara ya pili, kweli wameshuka? Akasema kweli, kisha akaitwa kitanda kingine. Mimi nikapiga magoti pale pale kwenye sakafu yao ya dawa, magoti haya haya mabovu, na hayakuuma.

Wewe ulikuwa mdogo lakini unajua. Askari walipokuwa wengi kijijini kwetu Walungu, tulilala msituni na hatukuwasha moto hata mchana. Walipopungua, wazee wakatuma mtu achungulie, akarudi akasema wamekwenda. Ndipo tukatoka, tukafagia viwanja, tukapika. Mama yangu alipiga vigelegele kwa sauti ndogo, asiamini bado. Leo nimefanya kama yeye. Nimefagia nyumba mpaka mlangoni kwa Kavugho. Nimetandika kitanda cha Gradi. Kesho asubuhi, kabla ya kurudi wodini, nitapita kanisani kutoa shukrani, unga na mkungu wa ndizi, kwa sababu Mungu si wa kumwomba tu na kumsahau.

Kwa hiyo neno langu ni hili. Usije. Kaa na kazi yako, saini hiyo karatasi ya Otim ya mpaka mwisho wa mwaka. Vita vimemwacha mtoto. Ukija utamkuta anakudai gari.

Mama yako anayefurahi,
Koko wa Gradi


Kambini
20 Machi 2025

Mama yangu, mama wa kweli,

Jambo, jambo, na tena jambo! Olal alinipa barua kabla hajazima gari. Niliisoma nimesimama kwenye kuni, nikakaa juu ya kuni hizo hizo, nikacheka mpaka wapakuzi wakafikiri nimechanganyikiwa.

Nimefungua mzigo wangu nikarudisha nguo kwenye msumari. Nimesaini. Otim alifurahi kwa ajili yangu, naye si mtu wa maneno mengi, akasema leo watu wale nyama ingawa si siku yake. Kwa hiyo mwambie mwanangu kwamba wanaume sitini wamekula ng'ombe kwa sababu ya kupona kwake.

Nampa Olal shati la Gradi nililolinunua kwa mchuuzi aliyepita hapa. Lina picha ya lori. Litakuwa kubwa, akunje mikono. Na wewe nakutumia sabuni na kilo mbili za ufuta, upate kitu cha kutafuna kwenye benchi.

Mama, siku hizi chache nilikuwa nimeacha kusali. Nilikuwa nanyamaza tu mbele ya Mungu kwa hasira. Leo nimesali mpaka nimekwama maneno. Asante kwa kukaa naye. Asante kwa kuniambia kweli.

Niandikie siku atakayotoka, na uniambie alisema nini kwanza.

Mwanao,
Mama Gradi


Kambini
26 Machi 2025

Mama,

Jambo. Natumaini barua hii itawakuta nyumbani wote wawili.

Olal amerudi leo mikono mitupu. Nilimfuata mpaka kwenye gari nikidhani ameisahau ndani ya magunia kama kawaida yake. Alinisaidia kutafuta, mama, akafungua magunia ambayo tulijua hayana kitu. Nikamuuliza alimpa nani shati. Akasema alimpa Kavugho, maana wewe hukuwepo nyumbani. Nikamuuliza Kavugho alisema nini. Akajibu, "Mama Gradi, mimi ni mtu wa kubeba tu," kisha akaenda kuangalia tairi ambalo halikuwa na shida.

Labda mnatoka hospitali na mna shughuli nyingi. Labda magoti. Labda karatasi imekwisha. Najijibu mwenyewe mchana kutwa huku nakata kabichi.

Kama kuna kitu kimerudi nyuma, niambie. Sitakulaumu. Nilisema neno lako nitaliamini, na bado naliamini. Ila nataka neno lingine sasa.

Mwanao,
Mama Gradi


Kyebando
29 Machi 2025

Annick, mwanangu niliyemzaa,

Salamu sina. Kaa na mtu karibu. Mwite Otim akae na wewe.

Gradi ametuacha juzi, Alhamisi usiku. Tulimzika Ijumaa, siku ile ile barua yako ya kuuliza ilipofika. Kanisa lilipata kaburi kwenye shamba la muumini mmoja upande wa Matugga, chini ya ukingo wa mahindi. Kavugho alimvika shati lako. Mikono tuliikunja.

Nitakwambia yote kwa mpangilio, kwa sababu una haki, na kwa sababu ukiyasikia kwa mdomo wa mwingine sitaweza kukutazama tena.

Ile siku ya pili baada ya barua yangu ya furaha nilikwenda kanisani kama nilivyosema. Mchungaji aliniita mbele nitoe ushuhuda. Nikasema: ndugu zangu, askari walikuwa wengi ndani ya mtoto, na sasa wamepungua. Hakuna aliyeniuliza maana yake. Wote tumetoka kule kule. Wamama waliinuka, wakacheza, wengine walilia, na mzee mmoja wa Masisi alinishika mkono. Tulichelewa kutoka, kwa sababu ya hiyo furaha.

Nilipofika wodini kitanda chake kilikuwa kimezungukwa. Walikuwa wamemwekea mashine ya kumvutia pumzi. Nikadhani nimekosea mtoto. Daktari Nafuna alikuwa amerudi, alinichukua pembeni akaniketisha. Nikamwambia lakini joto lilishuka, lakini askari walishuka, muuguzi alinisomea. Akauliza ni nani aliyenieleza kwamba kushuka ni kupona. Nikasema hakuna. Muuguzi hakunidanganya, Annick, alisoma kilichoandikwa. Mimi ndiye niliyemaliza mwenyewe.

"Mama, hii askari haikutoka juu ya vita imeisha. Ni yenyewe imeisha. Mifupa ndiyo inaitengeneza, na mifupa ya mutoto imechoka kutengeneza. Ile imebaki haina nguvu, inakutana na wadudu inapita tu."

Akanieleza kwamba hata ile baridi ya miguu haikuwa ya kuoga. Ilikuwa mwili unaozima jiko. Na kutulia kwake kulikuwa kuchoka. Vitu vyangu vitatu, vyote vitatu, nilivisoma kichwa chini.

Nikamuuliza, basi ule wingi wa kwanza ulikuwa mzuri? Nilitaka angalau nijue nilikosea wapi. Akasema hapana, hata ule ulimwogopesha. Wakiwa wengi hivyo kwa kishindo, katika ugonjwa huu, wanaumiza hata nyumba wanayoilinda, mapafu, figo, mishipa. Nikamwambia kwamba mimi ndivyo nilivyowajua askari maisha yangu yote. Hakucheka safari hii. Alisema, "Ulijua nusu, mama. Hiyo nusu ingine hata sisi inatusumbua."

Sijui kama alisema hivyo kunihurumia. Nilimwona baadaye ameegemea ukuta wa korido amefumba macho, na nikajua kwamba hakuwa na kitu tena kwenye begi lake.

Siku zilizofuata walibadilisha dawa, wakamwongezea damu. Wadudu wengine wapya wakamwingia kifuani, kwa sababu hakukuwa na wa kuwazuia mlangoni. Yeye hakuamka. Nilimwambia mama yako anakuona, kama ulivyoniagiza. Nilimwambia kila siku.

Sasa nikuambie lililo gumu zaidi. Jumapili Kavugho aliniletea barua yako ya kicheko na shati na ufuta. Mtoto alikuwa bado anapumua. Olal alikuwa anageuza kesho yake. Ningeandika njoo, labda ungekuja kuchelewa, labda ungemwahi kwa basi la Juba, sijui, lakini ungekuwa njiani. Nilikuwa na karatasi. Nilikaa nayo kwenye benchi tangu ibada inaisha mpaka chakula cha jioni kinagawiwa. Nilisema kesho hesabu ya damu itapanda, nitaandika habari mbaya na nzuri pamoja. Nilisema umeshacheka, nikuvurugeje. Nilisema mengi. Karatasi ikabaki nyeupe, nikampa Olal salamu za mdomo kupitia Kavugho, naye Olal hakutaka kuzibeba.

Jana alikuja na barua yako ya kuuliza, akapiga hodi, na mimi niko ndani. Sikufungua. Aliipitisha chini ya mlango akaenda. Nikaiona imelala sakafuni nikashindwa kuinama, na siyo kwa sababu ya magoti. Leo amerudi tena, amekaa nje kwenye kigoda cha Kavugho, anasema hataondoka bila barua. Ni mtu mwema, nilimcheka bure.

Watu wa hapa wamenijia wengi. Waganda wa mtaani wananiambia kitalo, pole yao ya msiba, na neno hilo ni zuri kwa sababu halitaki jibu. Lakini sitaki kufarijiwa na yeyote kabla yako. Na wewe sina haki ya kukuomba.

Uliniambia mimi ndiye mwenye macho.

Mama yako


Kambini
1 Aprili 2025

Mama,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Kila mara naandika jambo la salamu, halafu naona neno lenyewe linanitazama.

Otim alikaa na mimi kama ulivyotaka. Alinisomea ukurasa wa pili, maana mimi nilisimama kwenye wa kwanza. Leo wanaume wamejipikia. Sikuwaomba.

Nina hasira na wewe. Sitakudanganya, tumedanganyana vya kutosha kwa kutakiana mema. Siyo kwa ajili ya kanisa wala kwa ajili ya ufagio. Nina hasira kwa ajili ya ile Jumapili. Ungeandika, hata nusu ya mstari. Ningetembea kwa miguu mpaka Juba. Labda ningechelewa, labda ningemkuta kwenye hiyo mashine, ningemshika mguu wake huo wa baridi. Ulininyima huo mguu, mama. Hasira hii itakaa, sijui mpaka lini, na nataka uijue kabla hujaniona.

Lakini kuna jambo jingine, na nisipoliandika nitakuwa mwongo.

Uliponiandikia kwamba askari wamepungua, sikukuuliza kitu. Mimi niliyesoma mpaka sekondari ya tatu, niliyejifunza chembe nyeupe za damu kwa mwalimu na chaki, nilijua kazi yake. Niliijibu kwenye mtihani. Nikasoma sentensi yako, na kile nilichojifunza hakikuja kabisa. Nilichokiona ni mama yako anapiga vigelegele kwa sauti ndogo. Nilikimbia kwa Otim nikamwambia askari wamemtoka mwanangu. Yeye ni mtu wa Kitgum, utoto wake wote alilala kwenye kambi za wakimbizi wa vita. Hakuniuliza pia. Alinishika mkono akaagiza ng'ombe achinjwe. Kwa hiyo usibebe peke yako. Kama ningekuwa hapo kwenye kitanda, wewe na mimi tungepiga magoti pamoja, na tungekwenda kanisani pamoja, na mtoto angebaki na muuguzi vile vile.

Hilo halinipunguzii kitu. Nimelisema kwa sababu ni kweli.

Nimemrudishia Otim karatasi yake. Alisema atanisubiri kwa muda, nikamwambia asisubiri. Olal anaondoka kesho alfajiri, na amenitengea nafasi mbele, ametoa hata redio yake ili mzigo wangu ukae.

Safari hii sikuulizi nije au nisije.

Mwanao,
Mama Gradi